Tope Juu ya Barafu

Julai 1888. Watu sita wamekwama juu ya barafu inayoelea mbele ya pwani ya mashariki ya Greenland. Waliposhuka kwenye meli ya wawinda sili walidhani watafika nchi kavu upesi, lakini mkondo umewakokota kuelekea kusini na sasa zinakaribia wiki mbili. Kiongozi wao ni Mnorwe wa miaka 26, Fridtjof Nansen. Barafu ya upande huo si nyeupe yote. Mahali pengine ina mabaka ya kahawia, kama sakafu iliyopitiwa na miguu yenye matope.

Nansen alirudi nyumbani na tope hilo. Mwanajiolojia wa Kiswidi, Törnebohm, akalichunguza kwa hadubini na kukuta madini ya aina nyingi mno, hata isiwezekane yote kutoka kwenye mwamba mmoja au bonde moja. Alisema asili yake ni nchi pana sana, na nchi ya kwanza kumjia akilini ilikuwa Siberia.

Siberia iko upande wa pili wa Ncha ya Kaskazini.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha suruali. Meli ya Marekani, Jeannette, ilipondwa na barafu kaskazini ya Visiwa vya Siberia Mpya mnamo Juni 1881, na miaka mitatu baadaye, 1884, vitu vyake vikaokotwa juu ya barafu kusini-magharibi ya Greenland, ikiwemo suruali ya baharia mmoja. Kwa vitu hivyo Nansen aliamini kwamba barafu huvuka bahari yote ya kaskazini, na mwaka 1893 akaiingiza meli yake, Fram, kwenye barafu makusudi ili ibebwe. Lakini suruali iliwekwa juu ya barafu na mikono ya watu. Tope halikuwekwa na mtu.

Tope huzama. Barafu huelea.

Ni wiki kadhaa sasa jambo hilo halijaniacha. Kila jibu nililolishika lilikatika mahali fulani, na kila lilipokatika ilinibidi nirudi kuitazama upya bahari ambako tope hilo huanzia safari. Bahari yenyewe inaitwa Laptev.

Sakafu iko karibu

Jina ni la binamu wawili, Dmitry na Khariton Laptev, maofisa wa jeshi la majini la Urusi waliopima pwani hizo katika karne ya 18. Magharibi bahari imepakana na rasi ya Taymyr na visiwa vya Severnaya Zemlya, mashariki na Visiwa vya Siberia Mpya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 700,000 hivi, yaani inaizidi Kenya na haiifikii Tanzania.

Vitabu vinataja wastani wa kina wa mita 578. Tafadhali usiutegemee wastani huo. Kaskazini sakafu inaporomoka ghafla kwenye mteremko wa bara na kufika zaidi ya mita 3,000, na shimo hilo moja ndilo linalokuza hesabu. Zaidi ya nusu ya bahari haifiki mita 50. Kusini-mashariki, kwenye maelfu kwa maelfu ya kilomita za mraba, kina ni mita 10 hadi 25 tu. Ukisimamisha mnazi mrefu kwenye sakafu hiyo, mahali pengi makuti yake yatachungulia juu ya maji.

Si bahari iliyochimbika. Ni nchi iliyofunikwa. Miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu za mabara, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi. Uwanda wote huu ulikuwa mbuga kavu ya baridi ambako mamothi walikula majani. Hewa ilikuwa kavu mno kiasi kwamba hapakujengeka barafu nene ya kuufunika, kwa hiyo ardhi ilibaki wazi chini ya baridi kali na ikaganda kwenda chini mamia ya mita. Kisha bahari ikapanda, ikaimeza hatua kwa hatua, na miaka 5,000 au 6,000 iliyopita ikafika karibu na pwani ya leo.

Ardhi hiyo bado imeganda huko chini. Kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya chini ya bahari hii yako chini ya nyuzi sifuri, na chumvi ndiyo inayoyazuia yasigande. Hayana joto la kuiyeyusha haraka ardhi iliyogandishwa kwa maelfu ya miaka.

Basi jambo la kwanza ni hilo. Tope haliko mbali na uso wa maji. Liko mita 15 chini yake.

Nilidhani ni mto

Jibu langu la kwanza lilikuwa Lena. Mto huo unaanzia milima ya kando ya Ziwa Baikal, unatembea kilomita 4,300 hivi na kuingia Laptev kwa delta ya takriban kilomita za mraba 30,000, ambayo ni kubwa kuliko zote za bahari za kaskazini. Kwa mwaka humwaga zaidi ya kilomita za ujazo 500 za maji, na zaidi ya theluthi ya hayo hupita mwezi mmoja tu, Juni.

Mwezi huo ni wa kutazamwa kwa makini. Lena unatoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo barafu yake hupasuka kwanza juu, kwenye chanzo, wakati mdomo bado umefungwa. Mafuriko hushuka na vipande vya barafu, magogo na udongo, na kilele chake hupita mita za ujazo 100,000 kwa sekunde. Yanafika deltani mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni na kukuta barafu ya bahari yenye unene wa mita 2 bado imetanda. Pale ambapo kina ni chini ya mita 2, barafu hiyo imelala juu ya sakafu yenyewe na maji hayana pa kupita.

Hupita juu yake.

Maji ya mto hutanda juu ya barafu ya bahari kwa kilomita nyingi, yakibeba tope lake, mpaka yakute ufa au tundu. Hapo hujikusanya, huzunguka na kuporomoka kwa nguvu hadi kuchimba shimo kwenye sakafu iliyo chini.

Ukiona picha ya satelaiti ya wakati huo, barafu ya kahawia ikiwa imeizingira delta yote, utasema swali limejibiwa: mto umepaka tope juu ya barafu. Nami nilitosheka hapo kwa siku kadhaa. Kilichonikatisha ni kalenda. Barafu iliyofunikwa na maji ya mto mwezi Juni ndiyo inayotangulia kufa. Maji hayo yana joto, tope linavuta jua, na barafu yenyewe imeshikana na pwani, haiendi popote. Kufikia Julai imeyeyuka hapo hapo. Tope la Juni hurudi chini karibu na lilikotoka.

Mto hautoshi hata kama chanzo cha udongo. Lena hushusha karibu tani milioni 20 za mashapo kwa mwaka. Waliopima pwani nzima ya Laptev walikuta kwamba udongo unaoingia baharini kwa kumomonyoka kwa pwani ni takriban mara mbili ya ule unaoletwa na mito yote kwa pamoja.

Pwani ya barafu

Pwani hiyo haina mwamba wa kujivunia. Kwa mamia ya kilomita ni ukuta wa udongo laini wa zama za mamothi, umefungwa na kabari za barafu zenye upana wa mita kadhaa. Ukihesabu kwa ujazo, mahali pengine zaidi ya nusu ya ukuta ni barafu. Bahari haihitaji kuubomoa kwa nguvu. Wimbi la kiangazi lenye nyuzi chache juu ya sifuri huukata chini, pango jembamba huingia ndani ya barafu, na pande zima la juu hukatika kwa mstari wa kabari na kuanguka. Barafu huyeyuka, udongo huchukuliwa, ukuta mpya uko wazi.

Kisiwa cha Semyonovsky kilipimwa mwaka 1823 kikiwa na urefu wa karibu kilomita 15. Mwaka 1912 kilikuwa kimebaki na chini ya kilomita 5. Katikati ya miaka ya 1950 hakikuwepo tena. Kisiwa jirani cha Vasilyevsky kilikwisha kabla yake. Muostakh, ambacho kinaonekana ukiwa bandari ya Tiksi, kilipoteza karibu robo ya eneo lake kati ya 1951 na 2012, na ncha yake ya kaskazini ndiyo iliyoliwa kuliko sehemu nyingine.

Nikiisoma habari hiyo, humkumbuka Eduard von Toll. Mwaka 1886, akiwa Visiwa vya Siberia Mpya, aliamini kwamba ameiona kwa mbali nchi ile ambayo mfanyabiashara Yakov Sannikov alisema ameiona kaskazini mapema katika karne hiyo. Alirudi na meli Zarya mwaka 1900 kuitafuta, na mwaka 1902 akapotea na wenzake watatu walipokuwa wakiondoka Kisiwa cha Bennett kwa miguu na mashua. Nchi ya Sannikov haikupatikana. Wapo wanaofikiri huenda ilikuwa kisiwa cha aina hii, kikaisha. Katika bahari ambayo visiwa huyeyuka, ni vigumu kumlaumu aliyesema ameona.

Udongo wa visiwa hivyo umetanda sasa kwenye sakafu, na mwingi wake haujaenda mbali. Sakafu ya Laptev inanyooshwa polepole na ufa. Mgongo wa Gakkel, ule unaopasua bahari ya kaskazini kwa mwendo wa sentimita moja au pungufu kwa mwaka, unakuja na kugonga mteremko wa bara hapa hapa, kisha mpasuko unaendelea ndani ya bara chini ya maji. Ni mahali pachache sana duniani ambapo ufa wa bahari huingia bara namna hiyo. Mahali pengine pa namna hiyo ni Afar, ambako nyufa za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden hukutana na Bonde la Ufa letu. Tofauti ni kwamba bonde la Laptev halionekani. Limejazwa udongo wa kilomita kadhaa, na juu yake pamebaki tambarare.

Kifuniko cha maji matamu

Udongo upo, sakafu iko karibu. Nani anaunyanyua?

Hapa ndipo nilipotegemea chumvi, na chumvi ikanigeuka.

Hesabu ya kawaida ni hii. Maji ya bahari yakipoa huwa mazito, huzama, na ya chini hupanda. Yakiganda, barafu huitema chumvi nyingi nje, na maji yaliyobaki, mazito zaidi, huporomoka hadi sakafuni. Ukiwa na mita 15 tu za kina, ungedhani bahari yote itapinduka juu chini kila vuli na tope litapanda lenyewe.

Lakini hesabu hiyo ina sharti. Ni kweli pale tu ambapo kilo moja ya maji ina zaidi ya gramu 24.7 za chumvi. Chini ya hapo maji hufuata tabia ya ziwa: hufikia uzito wake mkubwa kabla ya kuganda, na yakizidi kupoa huwa mepesi tena. Tabaka la juu linabaki juu, linaganda, na la chini halijui kilichotokea.

Sasa angalia Laptev. Kaskazini, gramu ni 34 hivi na maji huganda kwenye nyuzi -1.9. Karibu na delta zinashuka chini ya 10, na kuganda huanzia karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Maji ya Lena hutanda juu ya yale mazito kama kifuniko cha mita 5 hadi 10. Upepo wa kiangazi ndio huamua kifuniko hicho kitatandikwa wapi, mashariki kuelekea milango ya Visiwa vya Siberia Mpya au kaskazini kuelekea kwenye kina. Usipoujua upepo wa Agosti, huwezi kujua vuli itagandaje.

Chini ya kifuniko hicho, siku ya utulivu, bahari huganda kama bwawa. Barafu hutoka safi, na tope liko mita kumi tu chini yake, limetulia.

Kwa hiyo ukaribu wa sakafu hautoshi, na baridi haitoshi.

Usiku mmoja wa Oktoba

Panapobaki ni upepo, na lazima uje wakati wake.

Chukua mahali penye kina cha mita 15 mwanzoni mwa Oktoba, kabla uso haujafungwa. Hewa ni nyuzi -12. Upepo unapita mita 10 kwa sekunde na unavuma usiku kucha. Mawimbi yanakoroga maji mpaka chini, kifuniko kinachanika, tope linapanda na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Upepo huo huo unanyang'anya joto. Kwa kuwa maji hayatulii, hayapati nafasi ya kufunga uso, hivyo yanapoa kupita kiwango chake cha kuganda kwa sehemu chache za mia za nyuzi moja. Ni kidogo mno, lakini kinatosha. Ndani ya maji, si juu yake, zinazaliwa chembe za barafu: visahani vya mviringo vyenye upana wa milimita chache, vyembamba kuliko karatasi. Ukichota maji kwa chupa vinameta vikigeuka.

Visahani hivi vina tabia ya kunata. Katika maji yaliyopoa kupita kiasi hushikana vyenyewe kwa vyenyewe na hushika chochote vinachokutana nacho: udongo laini, vijani, viumbe wadogo. Vingine husukumwa hadi sakafuni, hunata kwenye kokoto na makombe, vikakua pale pale mpaka vipate nguvu ya kung'oka na kupanda na mzigo.

Upepo ukilegea, vyote vinaelea. Juu ya maji unatanda uji wa barafu, mzito, wa kahawia. Mawimbi madogo yanaukatakata kuwa chapati za barafu zenye kingo zilizoinuka kwa kugongana. Siku mbili tatu baadaye chapati zimeungana kuwa ganda moja, na tope limefungwa ndani yake.

Ni rahisi jambo hili kuharibika. Kina kikizidi mita 30 hivi, mkorogo haufiki. Upepo ukiwa dhaifu, maji hayapoi mpaka chini. Ganda likitangulia hata kwa siku chache, mawimbi yanakufa na mlango umefungwa mpaka mwaka ujao. Mchanga hunyanyuka lakini ni mzito, hudondoka kabla uji haujaganda, ndiyo maana ukiyeyusha barafu hiyo ndani ya ndoo kinachobaki chini ni unga laini unaoteleza kati ya vidole, si mchanga wa kukwaruza.

Na bado tope liko ndani. Halijafika juu.

Kazi hiyo hufanywa na majira. Kiangazi jua huyeyusha barafu upande wa juu, maji hutiririka, tope hubaki. Msimu wa baridi barafu mpya huota upande wa chini. Mwaka ukipita juu kumeliwa na chini kumeongezwa, na tope ambalo lilikuwa katikati linajikuta karibu na uso. Mwaka wa pili liko wazi. Likishakuwa wazi hujikusanya kwenye vifundo vyeusi, kila kifundo kinapata joto la jua na kutoboa kishimo chake cha maji. Mabaka ya kahawia ya mwaka 1888 yalikuwa hayo: tope halikupanda juu ya barafu, barafu ndiyo iliyoshuka na kuliacha.

Shaka ya polinya

Wanaoijua Laptev watauliza mbona sijaitaja polinya. Nimeichelewesha kwa sababu ndiyo iliyonipa shida kuliko vyote.

Kufikia katikati ya msimu wa baridi, barafu ya kushikana na pwani imetanda hadi kwenye kina cha mita 20 au 25. Inashikiliwa na visiwa na marundo ya barafu yaliyokwama kwenye vilima vya sakafuni, na upande wa mashariki inaenea mamia ya kilomita kutoka nchi kavu. Nje yake iko barafu inayotembea. Upepo wa kusini, unaotoka bara, ukivuma huisukuma ile inayotembea na kuiacha hii iliyoshikana. Kati yao hufunguka mwanya wa maji meusi wenye urefu wa mamia ya kilomita, hewa ikiwa nyuzi -30. Huo mwanya ndio polinya.

Barafu yenye unene wa mita moja ni blanketi. Chini yake maji huganda kwa sentimita moja hivi kwa siku. Kwenye mwanya wazi, bahari hupoteza mamia ya wati za joto kwa kila mita ya mraba. Wati 400 kwa siku nzima zinatosha kugandisha sentimita 11. Barafu hiyo husukumwa mara moja, mwanya unabaki wazi, kazi inaanza upya. Ndiyo sababu bahari hii inaitwa kiwanda cha barafu cha kaskazini.

Kwa muda mrefu nilichukulia kwamba kiwanda cha barafu ndicho kiwanda cha tope. Upepo upo, maji wazi yapo, baridi ipo. Lakini mwanya uko nje ya barafu ya pwani, mara nyingi juu ya kina cha mita 25 au zaidi, na upande wa delta kifuniko cha Lena bado kimo hata Februari. Vipimo vya huko vinaonyesha kwamba katika misimu mingi maji mazito yanayotemwa na barafu mpya hayafiki sakafuni. Barafu nyingi, na safi.

Nikawa nimeikataa polinya kabisa. Ndipo nikakutana na pande la barafu la Polarstern.

Oktoba 2019 meli hiyo ya utafiti ya Ujerumani ilijifunga kwenye pande moja kaskazini ya Laptev ili ibebwe nalo, katika msafara wa MOSAiC. Pande lilikuwa na tope. Watafiti walirudi nyuma siku kwa siku kwenye picha za satelaiti kulitafuta kwao, wakafika kaskazini ya Visiwa vya Siberia Mpya, mwanzoni mwa Desemba 2018. Lilizaliwa kwenye polinya, juu ya maji ya kina cha chini ya mita 10.

Kwa hiyo jina la mwanya si hoja, wala mwezi si hoja. Hoja ni mita. Panapofunguka maji juu ya sakafu ya karibu, iwe Oktoba au Desemba, tope hupanda.

Udongo wa nani

Törnebohm alisema Siberia, na hakukosea, lakini Siberia ni kubwa. Leo mtu akiona baka la kahawia katika Mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, anaweza kuuliza kwa undani zaidi. Hukwangua tope, au hukata mche wa barafu kwa keekee yenye mrija, huuyeyusha, huchuja maji kwenye karatasi laini na kuipima chembe ya udongo kwa miale ya eksirei.

Aina mbili za udongo ndizo zinazosema zaidi. Mto Khatanga hutoka kwenye milima ya Putorana, ambayo ni lava ya kale, na lava ikioza hutoa smektaiti. Udongo wa Lena na wa mashariki una ilaiti kwa wingi. Smektaiti nyingi ina maana magharibi ya Laptev au Bahari ya Kara, ambako Yenisei nao huchota milima hiyo hiyo. Ilaiti nyingi, tazama mashariki, kwenye yale maji mafupi ya Visiwa vya Siberia Mpya. Mara nyingi huwa ni mashariki.

Mti nao ni shahidi. Magogo ya Siberia huokotwa Svalbard, Greenland na Iceland, mahali ambapo mti kama huo hauoti. Gogo likiloa huzama kabla ya safari kwisha. Lililofika lilipanda barafu.

Mwaka ambao hapakuganda

Fram ilikaa kwenye barafu karibu miaka mitatu, kuanzia Septemba 1893 hadi Agosti 1896. Mashua Tara, iliyoingia kwenye barafu ya upande huo huo Septemba 2006, ilitoka baada ya takriban siku 500. Polarstern ilianzia kaskazini zaidi, kwa hiyo siilinganishi moja kwa moja, lakini ilifika Mlango wa Fram kwa siku 300 hivi. Barafu imekuwa nyembamba na upepo unaibeba upesi.

Ungetarajia basi tope lifike kwa wingi zaidi. Haifiki hata barafu yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia mienendo ya barafu kwa satelaiti, ulikuta kwamba kabla ya mwaka 2000 karibu nusu ya barafu inayozaliwa kwenye bahari fupi za Urusi iliondoka na kuingia kwenye mkondo wa kuvuka ncha. Sasa ni asilimia 20. Asilimia 80 huyeyuka kabla haijauacha uwanda wake.

Tarehe 20 Juni 2020 mji wa Verkhoyansk, bara ya Laptev, ulipata nyuzi 38. Barafu ya bahari iliondoka mapema mno kiangazi kile, maji meusi yakalishwa jua kwa wiki nyingi, na joto hilo lilipaswa kutoka kwanza kabla chochote hakijaganda. Oktoba ikaisha. Kwa mara ya kwanza tangu satelaiti zianze kutunza kumbukumbu, mwisho wa mwezi huo ulikuta Laptev haijaanza kuganda.

Nimeirudia ramani ya wiki hizo mara nyingi. Dhoruba za Oktoba zilipita juu ya maji wazi yenye upana wa mamia ya kilomita, mawimbi yakiwa na nafasi ya kukua ambayo zamani hayakuwa nayo, yakiigonga pwani ya udongo katika mwezi ambao zamani ulikuwa tayari umefungwa. Tope lilikorogwa kuliko kawaida. Kilichokosekana ni visahani vya kulishika. Lilipanda, likazunguka na kutua tena.

Na lile lililoshikwa baadaye, Novemba na Desemba, liliingia kwenye barafu changa ambayo kiangazi kilichofuata kingeikuta nyembamba. Sehemu kubwa ya barafu ya namna hiyo hufia njiani. Ikifia juu ya uwanda, tope hushuka mita 20 na limerudi nyumbani. Ikifia kaskazini ya mteremko, juu ya Bonde la Amundsen, chini yake kuna zaidi ya mita 4,000 za maji. Chembe ya ilaiti iliyokuwa ukuta wa pwani, ikawa sakafu, ikanyakuliwa na kisahani cha barafu usiku mmoja wa upepo, inaachiwa hapo na kuanza kushuka. Ni laini sana. Itachukua muda mrefu kufika.